Denny Tank ya Dumbarton: bwawa la kujaribia meli, nawapa nyota 5

Kwa wale mnaoishi Glasgow au mnapita tu Scotland kumtembelea ndugu, naomba mtenge nusu siku mwende Dumbarton mkaone bwawa. Najua neno bwawa halimvuti mtu, hata mimi jamaa yangu aliponiambia twende nilimjibu mi mtoto wa Mwanza bana, maji nimeyaona ya kutosha, lakini nimeshaenda mara mbili na ya tatu naipanga Pasaka, kwa hiyo nyota zangu ni 5 na hapa naeleza kwanini.

Kufika ni rahisi. Kutoka Glasgow unapanda treni, kama nusu saa hivi unashuka Dumbarton na kutembea kidogo mpaka Castle Street. Kaa upande wa kushoto wa treni ili uuone mto Clyde, maana kule chini zamani ilikuwa yadi baada ya yadi ya kuunda meli, na mojawapo, ya Yarrow pale Scotstoun, ndiko ilikotoka MV Victoria yetu. Ndio, ile ile ya Mwanza na Bukoba, ambayo baada ya ukarabati wa 2020 inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Iliundwa hapo, ikafunguliwa vipande vipande ikasafirishwa mpaka Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi 1961. Mimi nimesafiri na ile meli utotoni nikiwa nimelala kwenye mkeka juu ya mizigo ya ndizi, sasa kupita mahali ilipozaliwa nikiwa dirishani kwa treni, jamani, moyo ulishtuka kidogo.

Ukifika kwa nje utaona injini kubwa ya zamani imesimamishwa, ni ya meli ya pedeli (ile ya magurudumu ya kupiga maji) iliyoitwa Leven, injini ya kwanza ya meli kutengenezwa na Robert Napier miaka ya 1820, na ukutani kuna sura ya mhandisi William Froude. Mshike huyo mzee Froude kichwani, tutarudi kwake.

Ndani sasa. Unaingia kwenye jengo refu, na kwanza unapita vyumba vya kazi, alafu unafika kwenye bwawa lenyewe na hapo watu wote huwa wananyamaza, nimeliona hilo mara zote mbili. Ni mfereji wa maji wenye urefu wa karibu mita 100, yaani kama uwanja wa mpira, upana karibu mita 7, maji yametulia meusi hayana hata mkunjo, na pande zote mbili kuna reli, na juu ya reli kuna kile wanachotumia kuvutia mifano ya meli. Kwetu tungekiita kiberenge, na ni kiberenge kabisa, kina magurudumu, kimekaa juu ya maji kama daraja linalotembea. Chini yake ndio unafungwa mfano wa meli, kinakwenda kwa kasi iliyopangwa haibadiliki, na mizani iliyofungwa juu inapima mfano unakataa kwa nguvu kiasi gani. Basi. Kazi yote ya jengo zima ni hiyo, kuyauliza maji hiki chombo mtakikataa kiasi gani.

Lilijengwa na kampuni ya William Denny and Brothers waliokuwa na yadi hapo hapo kwenye mdomo wa mto Leven, likaanza kazi 1883, na lilikuwa la kwanza duniani kumilikiwa na kampuni binafsi ya kuunda meli. Kabla ya hapo lilikuwepo la Froude huyo huyo kule Torquay kusini mwa Uingereza, alilojengewa kwa hela za jeshi la majini na kuanza kulitumia 1872 karibu kabisa na nyumba yake. Froude alifariki 1879, tena alifia Afrika, Simon's Town kule Cape, na ndiko alikozikwa. Bwawa la Dumbarton halikuwahi kumuona mwenyewe, walilijenga kwa kufuata lake na wakaweka sura yake ukutani kama shukrani, na mimi hilo limenigusa maana ni mara chache fundi kushukuriwa kwa jengo zima.

Aliyelipigania ndani ya kampuni ni kijana wa familia, William Denny, aliyezaliwa 1847. Huyu kabla ya bwawa alikuwa tayari anasumbuliwa na swali. Zamani meli ikikamilika walikuwa wanaipeleka baharini, wanaikimbiza kwa kasi yake ya mwisho kwenye maili moja iliyopimwa, ikifikisha kasi ya mkataba watu wanapeana mikono biashara imeisha. Denny akasema hapana, tuikimbize kwa kasi ndogo, kasi ya kati na kasi kubwa, na kila mara tupime injini inakula nguvu kiasi gani. Mwaka 1875 alifanya hivyo na meli inaitwa Merkara akampa Froude namba zote azichambue. Na wana wa pwani mtapenda hii, Merkara ilikuwa meli ya British India, kampuni ya William Mackinnon, ndio hiyo hiyo iliyoanza kuleta meli za barua Zanzibar mwaka 1872, na Mackinnon huyo ndiye baadae akaanzisha kampuni ya Waingereza iliyoshika Mombasa na bara ya Kenya. Denny waliwaundia British India meli nyingi sana. Kwa hiyo ukiwa umesimama pale ukadhani haya ni mambo ya Wazungu na mto wao, kumbuka vyombo vya watu hawa vilikuwa vinatia nanga kwetu.

Sasa chumba ninachokipenda kuliko vyote, chumba cha nta.

Mifano yao ilikuwa ya nta, nta ya parafini, ile ile ya mishumaa. Wanaanza na udongo wa mfinyanzi ndani ya sanduku refu, wanachonga humo shimo lenye umbo la meli, wanaweka kitu cha katikati ili nta isijae yote, wanamimina nta iliyoyeyushwa na kuiacha ipoe. Inatoka kitu kama mtumbwi mnene, mbaya mbaya. Kinapelekwa kwenye mashine ya kukata, na hii mashine msiipite haraka haraka, simameni. Ina visu viwili vinavyozunguka, kimoja kushoto kimoja kulia, fundi anafuatisha mstari wa mchoro kwa kijiti na visu vyote viwili vinakata kwa pamoja pande zote za mfano. Anakata mstari mmoja, anashusha, anakata mwingine, mpaka ubavu mzima unakuwa na ngazi ngazi kama mlima uliolimwa matuta, alafu mwisho mtu anakuja na kifaa cha kuparulia anaparua kwa mkono mpaka matuta yote yaishe. Nta haifyonzi maji, ukitaka kubadilisha omo, yaani mbele ya chombo, unaongeza kidogo au unaparua kidogo, na ukishamaliza na mfano unauyeyusha unatengeneza mwingine.

Hapo ndipo nilipompigia mjomba wangu video. Mjomba ni fundi wa mitumbwi Nansio, Ukerewe, kazi ameirithi kwa babu, na simu ilishika vizuri siku hiyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, kwema huko? Mbona uko kisimani?"

Nikamuonyesha ile mashine nikamueleza visu viwili. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Afu akasema, "Yaani kulia na kushoto vinalingana vyenyewe?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Aisee." Kwa wasiojua, kulinganisha pande mbili ndio mtihani wa fundi wa mtumbwi, mjomba anafunga uzi kutoka omo mpaka tezi (nyuma ya chombo) na anapima kwa kijiti taruma, zile mbavu za ndani, moja baada ya jingine, na ukikosea upana wa kidole tu chombo kinavuta upande mmoja maisha yake yote na nahodha anakesha na usukani. Watu wa miaka ya 1800 walishaitengenezea mashine.

Haya turudi kwa Froude na lile jambo ambalo kwangu mimi peke yake linatosha nauli. Shida ya mifano ni kwamba mfano mdogo ukiuvuta unapata namba, lakini namba hiyo uizidishe na nini ili upate ya meli kubwa? Watu kabla yake walikosea hapa mpaka wengi wakasema mifano ni mchezo wa watoto. Froude akagundua kwamba maji yanakataa chombo kwa njia mbili tofauti. Moja ni msuguano, maji yanajipaka kwenye ngozi ya chombo. Ya pili ni mawimbi, chombo kinatumia nguvu kutengeneza mawimbi yake mwenyewe. Msuguano aliupima peke yake kwa kuvuta mbao bapa za urefu tofauti, zingine amezipaka nta, zingine kitambaa, zingine mchanga (mafundi wa majahazi wanaopaka shahamu chini ya chombo wanajua hii habari bila bwawa). Na mawimbi akaonyesha kwamba ukiuvuta mfano kwa kasi inayolingana, yanajipanga sawasawa na ya meli kubwa. Kasi inayolingana ni nini? Unachukua kipeuo cha pili cha skeli, yaani cha ile idadi ya mara ambazo mfano umepunguzwa. Mfano ukiwa mdogo mara 25, kasi inapungua mara 5. Meli ya mita 100 inayokwenda noti 15 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), mfano wake ni wa mita 4 na unauvuta noti 3 tu, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kisha nguvu ya mawimbi uliyopima unaizidisha mara 25 mara 25 mara 25, ni 15,625, unajumlisha na msuguano uliokokotoa pembeni, umepata nguvu ya meli ambayo bado haijakatwa hata bamba moja.

Na hapa naomba niwape kisa cha nyumbani maana bila hicho hamtaelewa kwanini mtu mzima amesimama mbele ya ubao wa maelezo analengwalengwa na machozi. Miaka ya nyuma ukoo ulichanga hela tukaagiza boti ya mita 8 kwa karakana moja, sitaitaja. Ilikuwa nzuri kwa macho, rangi safi. Ilipofika ziwani ikawa inakokota tezi, omo juu, nyuma inachimba maji. Petroli inakwenda kama imetobolewa. Tukarudi kwa jamaa, wakatuambia mashine yenu ndogo, nunueni kubwa. Tukanunua kubwa, kwa mkopo. Ikazidi kuchimba, omo ikazidi kuangalia mbingu, na kasi iliyoongezeka ni ya kuhesabu. Ile boti iliuzwa kwa hasara na mkopo tulilipa karibu miaka mitatu, na watu wa ukoo walinuniana wee, kila mtu akidhani mwenzake alikula hela ya mashine.

Sasa pale Dumbarton yule baba anayeelekeza wageni ananieleza kwa utulivu kabisa kwamba wimbi la chombo linarefuka kadiri kasi inavyoongezeka, na ikifika kasi ambayo wimbi moja lina urefu sawa na chombo chenyewe, chombo kinakaa kwenye bonde la wimbi lake na kuanza kulipanda kama mlima. Kila nguvu unayoongeza hapo inakwenda kukuza mlima. Kwa chombo cha mita 8 kasi hiyo ni kama kilomita 13 kwa saa. Kilomita 13! Ndio kasi yetu ile ile tuliyokuwa tunakwama. Ubavu wa boti yetu haukuwa na umbo la kutoka juu ya maji na kuteleza, kwa hiyo hata tungefunga mashine ya meli tungekuwa tunapanda mlima wetu wenyewe tu. Hakuna aliyekula hela. Nilimwambia mjomba palepale kwenye simu, akasema, "Basi mpigie mama yako umwambie." Nikampigia.

Kitu kingine msikose kuuliza ni habari ya Swan na Raven. Kabla hata ya bwawa la Torquay, 1867, Froude alitengeneza mifano ya aina mbili, mmoja una omo kali kama kisu ndio Raven, mwingine una kichwa cha mviringo kama ndege wa majini ndio Swan, akaivuta kwenye mto Dart kwa boti ndogo ya mvuke, kila mmoja umening'inizwa upande wake. Wakati huo kila mtu alikuwa anajua kwamba omo kali ndio inapasua maji. Kwenye mwendo mdogo Raven ilikuwa nafuu kweli, ila kasi ilipoongezeka Swan ikawa nyepesi zaidi. Maana yake hakuna umbo zuri lenyewe kama lenyewe, kuna umbo zuri kwa kasi fulani. Mjomba hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Bata ana kifua kipana, umewahi kumuona amechoka?"

Yapo mengine mengi nayapita tu. Waliunda King Edward ya 1901, meli ya kwanza ya abiria ya kibiashara kwenda kwa tabaini, injini ya mapanga yanayozungushwa na mvuke. Bwawa lilitumika kwa Shamrock II, jahazi la mashindano la Thomas Lipton yule wa majani ya chai, nalo 1901. Miaka ya 1930 Denny wakishirikiana na Brown Brothers wa Edinburgh wakaleta mapezi yanayotoka ubavuni chini ya maji kuzuia meli isiyumbe, kama umewahi kupanda meli kubwa ya abiria ukalala usingizi, mapezi ya aina hiyo yanahusika. Na 1880 William Denny alianzisha utaratibu wa kuwalipa wafanyakazi wa kawaida zawadi kwa kila wazo la kuboresha kazi, nimelipenda sana hilo. Alifariki 1887, hata miaka 40 hajafika. Yadi ilifungwa 1963, bwawa likaendelea chini ya kampuni ya Vickers mpaka miaka ya 80 mwanzoni, tangu 1982 liko chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Scotland. Kazi yenyewe haijafa, Wageningen kule Uholanzi na Hamburg Ujerumani mpaka leo wanavuta mifano kwenye mabwawa makubwa zaidi japo kompyuta zipo.

Jambo moja sikulitegemea. Mwaka huo huo wa 1883 bwawa lilipoanza, tarehe 3 Julai, yadi nyingine ya Clyde, pale Linthouse, ilishusha majini meli inaitwa Daphne ikiwa na mafundi ndani bado wanaendelea na kazi. Iligusa maji ikalala ubavu ikazama, wakafa watu 124, wengine vijana wadogo. Nilivyolisoma nilikaa chini. Mimi mwaka 1996 nilikuwa shule ya msingi Mwanza, tarehe 21 Mei MV Bukoba ilipozama, darasani kwetu kulikuwa na madawati ambayo hayakukaliwa tena, na makaburi ya Igoma mpaka leo nikirudi nyumbani lazima nipite. Kwa hiyo mtu akiniambia hii ya kupima vyombo ni anasa ya nchi tajiri siwezi kukubali. Clyde nao walizika watoto wao. Jengo la zamani la yadi hiyo ya Linthouse lilihamishwa likajengwa upya Irvine, ni sehemu ya makumbusho hayo hayo, ukipata siku nyingine nenda.

Mambo ya kujua kabla hujaenda: vaa jaketi hata wakati wa kiangazi maana jengo ni refu na lina maji chini, mwili unapoa. Watoto wadogo wapo huru kuuliza ila wakamateni mikono karibu na bwawa. Masaa na viingilio vinabadilika kwa msimu, angalieni siku moja kabla. Wahudumu niliowakuta mara zote mbili walikuwa na subira ya ajabu, yule baba alinirudilia hesabu ya 15,625 mara tatu kwenye karatasi na karatasi ninayo. Ukimaliza tembea mpaka kwenye mwamba wa ngome ya Dumbarton, ukipanda juu unaona mto Leven unavyoingia Clyde na pale yadi ilipokuwa.

Wiki mbili baada ya ile simu mjomba alinitumia picha. Amechonga mifano miwili ya sentimita 80, skeli ya moja kwa kumi, mmoja una omo ya siku zote na mwingine amempa kifua cha bata. Ameifunga kwenye ncha mbili za mti mmoja, katikati kamba, kama mizani ya sokoni, mtoto wake anapiga kasia na mti unajipinda wenyewe upande wa ule unaokataa zaidi. Anafanya alfajiri kabla upepo haujaamka. Chini ya picha ameandika: ukirudi tena muulize yule mzee, wakishavuta mara moja wanasubiri muda gani maji yatulie ndio wavute tena, maana mimi huku nasubiri mpaka chai inaiva na bado yanacheza.